Gemu za zamani zimenigombanisha na mke wangu

*Shangazi, nina miaka 31, naishi Nyakunguru, Tarime, na ni fundi wa kuchomelea hapo Nyamongo. Utotoni nilichapwa sana kwa kutorokea banda la gemu. Sasa nakusanya mashine zile: ninayo brick game, ile ya kaseti yenye bastola, na PS2 mbili, moja haisomi CD. Nimepata Famicom halisi ya Kijapani, muuzaji yupo Dar, anataka laki nne. Mke wangu ameona meseji, kasema nikalale na gemu zangu. Baba naye anasema hiyo ni hela ya mtamba. Nifanyeje?*
*Baba Bhoke*

Baba Bhoke, tuanze na hiyo laki nne.

Famicom ilitoka mwaka 1983 kwa ajili ya nyumba za Japani. Adapta yake inataka volti 100. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230, utasikia harufu kabla hujaona picha. Halafu ile ya mwanzo haina tundu za AV. Inapitisha picha kwenye waya wa antena, kwa chaneli za Kijapani na rangi za NTSC, wakati TV za kwetu zilikuwa za PAL. Kwa hiyo baada ya laki nne kuna transfoma, kuna fundi wa kuibadilisha, na kuna nauli. Muuzaji hakukwambia, sivyo?

Tena, mura, wewe hukuchezea Famicom. Ulichezea nakala yake ya Kichina, ile inayojinadi kuwa na gemu 999 kumbe ni chache tu zinajirudia kwa majina mengine. Wapo wakusanyaji wanaozidharau nakala hizo. Waache. Mashine za mtoto wa Nyamongo ni hizo, pamoja na PS2 ya banda yenye pedi iliyolika na memori kadi iliyojaa ligi. PS2 ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Huna haja ya kuzikimbilia. Waulize wenye mabanda kama wanazo stoo.

Unachopaswa kukitunza kwa wivu ni TV ya chogo. Ukifyatua ile bastola, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha kisanduku cheupe kinatokea pale alipo bata unayemlenga, na jicho lililomo kwenye mtutu linausubiri mwanga huo papo hapo. TV ya flati inachelewa, bata anapona. Kaseti ikigoma usiipulize, mate yanaozesha zile pini. Tumia pamba na spiriti. PS2 isiyosoma, safisha lenzi kwanza. Kwa vumbi la huko, huenda haina ugonjwa mwingine.

Mzee mwache. Kwa Mkurya kila laki nne ina pembe.

Mama Bhoke ndiye mwenye kesi, na kesi yake si gemu. Bei hiyo kaisoma kwenye simu badala ya kuisikia kwako. Leo mjibu muuzaji kwamba hununui, mkeo akiona. Kisha mtajie mkeo gharama ya kila kilichomo ndani, hata ile PS2 ya pili. Pangeni kiasi cha mwezi kitakachotoka kwenye hela yako ya mfukoni, na mashine mpya isiingie mpaka ile mbovu ipone au iuzwe spea. Wala usimbembeleze acheze. Akitaka, pedi ya pili ipo.