SOMO: Baba, Mtoto na Migomba Mitano

Wazazi wengi hulalamika kuwa vijana hawapendi kibanja. Tujiulize: ni lini tulifanya nao kazi kibanjani, badala ya kuwatuma tu?

Tunashauri hivi. Baba ampe mwanawe migomba mitano karibu na nyumba, iwe yake. Kila Jumamosi jioni waende wote wawili kuitunza. Isiwe adhabu wala kibarua, bali kazi wanayoifurahia pamoja.

Kazi ya kufundishana ipo. Mwaka 2006 mnyauko bakteria, ambao wengi huuita unyanjano, uligunduliwa wilayani Muleba, kisha ukaenea. Hauna dawa. Huenezwa na wadudu wanaotua kwenye maua na kwa panga lenye vimelea. Kinga yake baba na mtoto wanaiweza:

1. Vichane vikishatoka vyote, ondoeni ua dume kwa mti wenye panda. Msitumie kisu.
2. Panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine.
3. Mgomba ulionyauka ukatwe usawa wa ardhi mara moja.

Mtoto ashike mti, baba aelekeze. Wakiwa wameinua macho kwenye mkungu, mazungumzo huja yenyewe: ya shule, ya marafiki, hata ya yale yanayomtisha kijana. Baba asikilize zaidi ya kusema.

Mkungu ukikomaa, mtoto ndiye aamue kama utaliwa au utauzwa. Baba akiuuza bila kumuuliza, somo lote limeharibika.

Jambo hili si dogo kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watoto wengi waliachiwa vibanja kabla ya kufundishwa kuvitunza. Anachojifunza mtoto kwa mikono yake, akiwa na baba yake, hubaki naye hata baba asipokuwepo.

Kwa mtoto yatima, kamati imwombe baba mdogo, mjomba au mzee jirani ashike nafasi hiyo. Wafadhili wanaweza kusaidia machipukizi yasiyo na ugonjwa. Muda wa Jumamosi lazima tuutoe wenyewe.

Maswali ya kujadili:
– Baba yako alikufundisha kazi gani kwa mikono yake?
– Ni watoto gani katika kigango chetu hawana wa kuwafundisha?
– Nani kati yetu ataanza Jumamosi hii?