Kupanga Kazi Bila Kujua Zitakazofuata

Makala haya yanaeleza tawi moja la hisabati ya kompyuta linaloshughulika na swali hili: kazi zipangwe vipi iwapo kila moja ni lazima igawiwe mara inapofika, kabla ya kujulikana zitakazofuata? Hali hiyo tutaiita upangaji wa papo kwa papo. Kompyuta inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja hukutana nayo kila mara. Hasara itokanayo na kutojua yajayo yaweza kupimwa kwa hesabu za shule ya sekondari. Hata hivyo, kwa mashine nne tu kipimo chake kamili hakijapatikana hadi leo.

Mfano wa mashine mbili

Tuseme mtu ana mashine mbili za kusaga nafaka zenye nguvu sawa. Kabla hazijawashwa, wateja wanafika mmoja mmoja, na kila mzigo unaelekezwa papo hapo kwenye mashine moja. Mzigo haugawanywi wala hauhamishwi. Shabaha ni kazi yote imalizike mapema iwezekanavyo.

Mizigo miwili ya kwanza yahitaji dakika 10 kila mmoja. Mwenye mashine anaupeleka mmoja huku na wa pili kule. Kisha unafika mzigo wa dakika 20. Popote utakapowekwa, kazi itakwisha baada ya dakika 30. Lau angalijua, angaliiweka mizigo midogo yote miwili kwenye mashine moja, na kazi ingalikwisha kwa dakika 20.

Je, afadhali angeiweka pamoja tangu mwanzo? La, kwani pengine mzigo wa tatu usingefika kabisa; hapo angetumia dakika 20 kwa kazi ambayo ingeweza kumalizika kwa dakika 10. Tukigawanya muda uliotumika kwa muda ulio bora kabisa, tunapata uwiano wa hasara. Katika njia ya kwanza uwiano ni 1.5, katika ya pili ni 2. Kwa hiyo hakuna kanuni ya ugawaji iwezayo kuahidi uwiano ulio chini ya 1.5 daima.

Kanuni ya Graham

Mwaka 1966 mwanahisabati wa Marekani, Ronald Graham, wa Maabara ya Bell, alichapisha uchunguzi juu ya kanuni iliyo nyepesi: kila kazi ipewe mashine yenye mzigo mdogo kuliko zote. Alithibitisha kwamba kwa mashine m uwiano hauzidi 2 − 1/m. Uthibitisho waweza kufuatwa ubaoni.

Tuite B muda ulio bora kabisa, na J jumla ya muda wa kazi zote. Ni dhahiri kwamba B si ndogo kuliko J/m, wala si ndogo kuliko urefu wa kazi yoyote moja. Sasa tuitazame kazi itakayokwisha mwisho, yenye urefu k. Ilipogawiwa, mashine yake ndiyo iliyokuwa na mzigo mdogo kuliko zote. Kwa hiyo mzigo huo haukuzidi (J − k)/m. Tukiongeza k tunapata J/m + k(1 − 1/m), kiasi ambacho hakizidi B + B(1 − 1/m), yaani B(2 − 1/m).

Kwa mashine mbili jibu ni 1.5, nasi tumekwisha kuona kwamba haiwezekani kushuka chini ya hapo. Mwaka 1989 Faigle, Kern na Turán walionyesha kwamba kwa mashine tatu pia, ambapo uwiano ni 5/3, kanuni hiyo haiwezi kushindwa na nyingine.

Maswali yaliyobaki

Kwa mashine nne kanuni ya Graham yatoa 1.75. Mwaka 1994 Chen, van Vliet na Woeginger walibuni kanuni yenye uwiano wa takriban 1.733. Mwaka 2003 Rudin na Chandrasekaran walithibitisha kwamba hakuna kanuni iwezayo kushuka chini ya kipeuo cha pili cha 3, yaani karibu 1.732. Pengo halifiki 0.002, lakini halijazibwa.

Mashine zikiwa nyingi, uwiano wa Graham hukaribia 2. Mwaka 2000 Fleischer na Wahl waliushusha hadi 1.9201. Siri ya kanuni kama hizo ni kutosawazisha mizigo: baadhi ya mashine huachwa na mzigo mwepesi kwa makusudi, ili kazi kubwa ikija ipate nafasi. Kwa upande mwingine, mwaka 2001 Rudin alionyesha kwamba hakuna kanuni iwezayo kuahidi chini ya 1.88. Jibu la kweli limo kati ya tarakimu hizo mbili.

Yafaa ikumbukwe kwamba vipimo hivi huchukulia kazi zinafika kwa mfuatano mbaya kuliko yote. Mwaka 2020 Albers na Janke walionyesha kwamba kazi zikifika kwa mfuatano wa bahati nasibu, uwiano waweza kushuka hadi takriban 1.848. Wengine wanachunguza kanuni zinazosaidiwa na utabiri uliotokana na kazi zilizopita. Ugumu wake ni kupata kanuni itakayonufaika utabiri ukiwa sahihi, lakini isiharibike utabiri ukikosea.

Zoezi kwa darasa

Chukua mashine tatu. Kazi zinafika kwa mfuatano huu: 1, 1, 1, 3, 3, 3, 6.

(a) Onyesha kwamba mgawaji asipozitenganisha kazi tatu za kwanza, uwiano utakuwa 2 au zaidi iwapo kazi zitakoma hapo.

(b) Akizitenganisha hizo lakini asizitenganishe tatu zinazofuata, tafuta uwiano baada ya kazi ya sita.

(c) Akizitenganisha zote, tafuta uwiano baada ya kazi ya saba.

(d) Kutokana na majibu hayo, eleza kwa nini mashine tatu haziwezi kuahidiwa uwiano ulio chini ya 5/3.