Usimjibu Daktari "Nzuri Tu": Vidokezo kwa Vijana Wetu Walio Jeshini Marekani

Sisi tumelelewa kwenye salamu. Mtu ana homa siku ya tatu, ukimuuliza habari anajibu nzuri, halafu ndipo anaongeza: "ila mwili kidogo." Kwenye kliniki ya jeshi la Marekani hiyo "ila" haina nafasi. Daktari anauliza hali, unajibu nzuri, anaandika nzuri. Miaka kumi baadaye neno hilo linasomwa na mtu asiyekujua, anayeamua kama goti lako liliumia kazini au kwingineko.

Wapo Wakenya, Watanzania na Wakongomani wengi ndani ya sare hiyo, baadhi yao waliingia hata kabla ya kupata uraia. Haya nawaandikia wao, na wazazi wanaowapigia simu Jumapili.

1. Nenda kliniki siku hiyo hiyo, hata sajini akinuna.

Mdogo wangu alitumbukia kwenye mtaro usiku, mazoezini, na mzigo mzito mgongoni. Goti likavimba kama embe dodo. Mhudumu wa kikosi alimpa ibuprofeni za miligramu 800 ndani ya kifuko cha plastiki, akamwambia anywe maji mengi. Hakuna aliyeandika kitu, naye akashukuru akarudi mstarini, kwa sababu nyumbani tulimfundisha kuwa kuvumilia ndio uanaume. Alipotoka jeshini miaka minne baadaye, faili lake lilikuwa na chanjo, meno na macho. Goti halikuwemo.

Dai la fidia kwa Idara ya Maveterani, ile VA, hukaa juu ya mafiga matatu. La kwanza ni ugonjwa ulio nao sasa, uliothibitishwa na daktari. La pili ni tukio au maradhi yaliyokupata ukiwa kazini. La tatu ni maoni ya daktari yanayounganisha hayo mawili, na hapo hatakiwi kuwa na hakika kamili. Inatosha akiona uwezekano umefika nusu kwa nusu. Figa la kwanza na la tatu unaweza kuyatafuta hata ukiwa na mvi. La pili huwekwa ukiwa bado umevaa buti.

2. Taja kiungo, upande, siku na unachoshindwa.

Kiswahili chetu huita "mguu" kuanzia pajani hadi kidoleni, na "mkono" kuanzia begani hadi kwenye kucha. Tukitafsiri hivyo hivyo kwa Kiingereza, daktari anaandika kitu kisichoeleweka. Sema: goti la kulia, limeanza Machi baada ya kuanguka mtaroni, sasa siwezi kuchuchumaa wala kushuka ngazi bila kushika ukuta. Ukisema "linauma" atakupa kidonge. Ukisema huwezi kushuka ngazi, ana jambo la kuandika. Na kabla hujatoka, muulize kwa adabu ameandika nini.

3. Usidharau masikio.

Mlio usiokoma masikioni ndio unaoongoza orodha ya maradhi ambayo maveterani wa Marekani wanalipiwa fidia. Wanaofyatua bunduki, wanaofanya kazi chini ya injini za ndege na wanaolala karibu na jenereta wote wanaujua. Ukipimwa usikivu huenda ukaulizwa kama unasikia mlio. Kama upo, sema upo.

4. Koroma rasmi.

Kama wenzako bwenini wanakulalamikia, au mkeo anakuamsha kwa sababu umeacha kupumua, omba kipimo cha usingizi kabla hujatoka jeshini. Kipimo kikifanyika baada ya kutoka, itabidi uthibitishe kuwa tatizo lilianza zamani, na kazi hiyo ni ngumu.

5. Yanayouma moyoni nayo yaandikwe.

Najua hofu iliyopo: ukitaja jinamizi, utanyimwa silaha au utakosa cheo. Kwa baadhi ya kazi hofu hiyo ina msingi, na uamuzi ni wako. Ila jambo moja wengi hawalijui. Kasisi wa kikosi anabanwa na kiapo cha siri, kwa hiyo ni mtu mwema wa kumwendea usiku wa manane. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, uliyomweleza hayaingii kwenye faili. Nenda kwa kasisi, kisha nenda na kliniki.

Na kwa aliyedhulumiwa kingono akiwa jeshini, akanyamaza: mlango haujafungwa. VA hupokea ushahidi wa pembeni, kama barua kwa ndugu, ombi la kuhamishwa kikosi, au utendaji ulioporomoka ghafla. Matibabu ya madhara yake ni bure, hata kama hukuripoti kwa yeyote. Dada zangu, na kaka zangu pia, tafadhali msibebe hilo peke yenu.

6. Weka nakala yako.

Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka kwenye jengo la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, Missouri, ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Hayakuwa na nakala. Wazee waliopigana Korea walijikuta wakithibitisha majeraha yao upya. Siku hizi kumbukumbu ziko kwenye kompyuta, lakini za hospitali ya mjini ulikokimbizwa Jumamosi huenda hazijafika huko. Zifuate mwenyewe. Pakua faili lote kabla hujarudisha kitambulisho, weka nakala mbili, moja kwa mtu asiyehamahama.

7. Ulikotumwa kuna uzito.

Sheria ya PACT, iliyotiwa saini 10 Agosti 2022, imewapunguzia mzigo waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Ukiwa ulihudumu Somalia tangu 2 Agosti 1990, au Djibouti tangu 11 Septemba 2001, saratani kadhaa na maradhi kadhaa ya mapafu huchukuliwa kuwa yametokana na kazi, bila wewe kutafuta daktari wa kuthibitisha chanzo. Iraq, Oman na Qatar zimo pia. Lakini lazima ionekane ulikuwepo, kwa hiyo tunza amri za safari. Ile fomu ya afya ya kurudi, ambayo kila mtu huiwekea alama ya "hapana" juu mpaka chini ili awahi nyumbani, ijaze kwa ukweli.

8. Walio jeshi la akiba au National Guard.

Ukiumia wikendi ya mazoezi, dai uandikiwe siku hiyo kwamba umeumia ukiwa kazini. Jumatatu utakuwa raia, na mwajiri wako hahusiki.

9. Hesabu siku.

Dai linaweza kupelekwa ungali jeshini, kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka. Ukichelewa, peleka ndani ya mwaka mmoja tangu utoke, ili malipo yahesabiwe kuanzia siku iliyofuata kutoka kwako. Hata ukipewa asilimia sifuri usikasirike: wamekubali kwamba ugonjwa ni wa kazini, na ukizidi utaomba kuongezewa. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion vina watu walioidhinishwa wanaosaidia bure. Sheria hairuhusu mtu yeyote kukutoza fedha kwa kukuandalia dai la kwanza. Na usiongeze chumvi, maana uongo mmoja ukigundulika unachafua hata maumivu ya kweli.

10. Kama umeshatoka na faili ni tupu, tafuta watu.

VA husoma maelezo ya mashahidi: mke, mzazi, aliyelala kitanda cha jirani. Hata ule ujumbe wa sauti uliomtumia mama usiku ule, ukisema mguu umevimba na asiwe na wasiwasi, una tarehe yake. Uambatanishe na tafsiri ya Kiingereza. Mdogo wangu alimtafuta mwenzake aliyemvuta kutoka mtaroni, kijana wa Texas ambaye hawakuwa wamezungumza naye kwa miaka. Aliandika mistari sita: tarehe, mahali, giza lilivyokuwa, na jinsi alivyombebea bunduki hadi kambini kwa sababu goti lilikataa kukunjika. Mistari hiyo sita ndiyo iliyokuwa figa la pili.