Cheti cha Hoteli na Kazi ya Bwana Afya

Hoteli za chakula za Uthiru, kando ya barabara ya Naivasha, huwauzia wafanyakazi na wasafiri chai, chapati na githeri tangu alfajiri. Sheria ya Kenya yataka kila hoteli iwe na cheti cha usafi, na wapishi wake wapimwe afya kila baada ya miezi sita. Bwana Afya huingia akakagua maji yatokako, choo kilivyo, na mahali chakula kilichopikwa kiwekwapo.

Lakini cheti si ngao. Katika Juni na Julai 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliokula mikutanoni katika hoteli kubwa za Nairobi, wala si vibandani tu, kama wengi walivyozoea kudhani. Waziri wa Afya, Dkt. Cleopa Mailu, alivifuta vyeti vya afya vya wapishi wote, akaamuru wapimwe upya katika muda wa siku 21.

Sababu ni hii: mtu aweza kuchukua vijidudu vya kipindupindu pasipo kuugua. Aliyepimwa Januari akiwa mzima aweza kuambukizwa Februari, na cheti chake kingali kimetundikwa ukutani. Tena wali ulioachwa vuguvugu huzalisha vijidudu kwa saa chache; wapasa kukaa katika moto wa digrii 60 au zaidi, ama baridi ya digrii 5 au chini.

Basi mlaji asisome tarehe ya cheti peke yake. Na atazame kama pana maji yatiririkayo na sabuni karibu na jiko, na kama apokeaye fedha ndiye yule yule agawaye chapati kwa mkono.