SOMO LA REZO: KULINDA NAMBA YA MLANGO



Sisi wote tunajua: barua za shule zinatoka na B.P. moja tu. Jibu likifika, katibu anatazama daftari yake juu ya kujua ni la nani. Rezo ya ordinatere iko vilevile.

1. Kazi ya rutere. Anwani za IPv4 ni 4.294.967.296, hazitoshi dunia nzima. Kwa hiyo ordinatere za ndani zinapewa anwani kama 192.168.1.20, isiyotembea inje. Rutere inaifuta, inatia anwani yake yenyewe, halafu inaandika katika daftari yake. Kazi hii ndiyo NAT.

2. Mlango. Kila barua inabeba pia namba ya mlango, mpaka 65535, inayoonyesha programu iliyoituma. Ordinatere mbili zikichagua mlango mmoja na kuandikia seva moja, jibu litafikia nani? Njo maana rutere inabadilisha mlango wa moja. Kwa desturi Linux inabadilisha kama kuna mgongano tu. Pf ya OpenBSD inabadilisha kila mara.

3. Hasara. Kuna seva za zamani za VPN zinazokataa barua isiyotoka mlango 500. Mlango ukibadilishwa, anayebisha hodi ni mwenyeji wa kweli, lakini hafunguliwi.

4. Namna ya kufanya. Katika pf, mwisho wa amri ya nat-to, tunaongeza neno static-port. Katika Linux tusitie --random. Amri ile tuiandike kwa ordinatere moja na mlango mmoja, si kwa shule nzima. Hapana hivyo, mbili zitagombania mlango, na moja itakosa jibu.

5. Angalisho. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alionyesha namna mwongo anaweza kujibu mahali pa DNS, na mtu anayetafuta banki akapelekwa kwa mwizi. Dawa ilikuwa seva ya DNS ichague mlango usioweza kukisiwa. Lakini rutere zingine zilipanga milango upya kwa mfululizo, na mwongo akakisia tena. Basi, tusiseme ni namba tu.

Maswali:
a) Kwa nini rutere inahitaji daftari?
b) Ordinatere mbili zinataka mlango 500 kwa seva moja. Mtafanya nini?

Majibu mtuletee siku ya tano.