SOMO: KUWEKA PROGRAMU YA DAFTARI LA WANACHAMA, ARUA NA KOBOKO



Mwaka jana kompyuta ya tawi letu la Koboko ilikufa pamoja na michango ya miezi mitatu. Tulikuwa tumeweka programu ya wizi, tuliyoinunua mtaani ndani ya flashi, nayo ilikuja na virusi. Mwenzetu alipofukuzwa kazi tukaenda kumtetea. Mwajiri akauliza: huyu ni mwanachama wenu kweli? Tukakosa cha kuonyesha. Aibu hiyo ni yetu, si ya fundi.

Sasa tunatumia LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010. Haiuzwi, na leseni yake inaturuhusu kuinakili na kuwapa wenzetu. Ya wizi ya nini tena?

Faili lake lina megabaiti zaidi ya 300, na tangu Julai 2021 data ya intaneti hapa Uganda hutozwa kodi ya asilimia 12. Kwa hiyo tunalishusha mara moja tu, Arua, kutoka tovuti ya LibreOffice yenyewe, kisha tunalipeleka Koboko kwa flashi.

Kabla ya kupanda gari, lihakikiwe. Tovuti huonyesha alama ya faili iitwayo SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64. Katika Windows, fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Linganisha alama hizo mbili. Zikitofautiana hata herufi moja, futa faili ulishushe upya. Kazi hii inachosha macho, tunajua. Wasome watu wawili, mmoja akitaja, mwingine akifuata kwa kidole.

Koboko, kompyuta iliyougua isafishwe kwanza na fundi. Kisha bonyeza faili mara mbili na uchague njia ya kawaida. Ikiisha, fungua nakala ya daftari, usifungue daftari lenyewe, ukague jumla ya michango kwa stakabadhi za karatasi.

Vijana wetu wanaosomea kompyuta wameuliza juu ya sehemu ya wajenzi wa programu. Ipo: kifurushi cha pembeni cha kutengenezea nyongeza, na chanzo chote cha programu kwa anayetaka kuibadilisha. Mtunza daftari hahitaji hata kimoja. Ninyi jifunzeni, tena tunawahimiza, lakini kwenye mashine nyingine, isiyo na majina ya wanachama.

Flashi iliyohakikiwa iko kwa katibu wa tawi. Anayeichukua atie sahihi.