Maji Katika Oili ya Injini

Katika kijiji kimoja nilichofundisha kisomo palikuwa na mashine ya kusaga. Ilikuwa mali ya kikundi cha akina mama, nao waliinunua kwa michango yao wenyewe. Injini yake ilikuwa ya dizeli, nayo ilipozwa kwa maji, kama injini za magari na matrekta mengi.

Asubuhi moja mwendeshaji alichomoa kijiti cha kupimia oili. Aliona oili imepita alama ya juu. Akafurahi, akasema, "Leo hatununui oili. Imeongezeka yenyewe." Akawasha injini. Siku ya tatu injini ilinguruma vibaya, kisha ikakwama. Akina mama wakarudia kinu na mchi. Wengine walibeba mahindi kichwani hadi kijiji cha jirani.

Oili haizai. Ikiongezeka bila mtu kuiongeza, ujue kuna kitu kimeingia. Huenda ni dizeli, au ni maji. Leo tusome juu ya maji.

MAJI HUDHURU NAMNA GANI?

Vyuma vya injini huzunguka kwa kasi. Kati ya chuma na chuma hukaa utando mwembamba wa oili, ili visisagane. Maji yakichanganyika na oili, utando huo hudhoofika. Vyuma husagana, hupata moto, na hushika kutu.

MAJI HUPITA WAPI?

Ndani ya injini mna njia za maji na njia za oili. Juu ya silinda pana kifuniko kizito ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Chini yake pana gasketi. Gasketi ikiungua, au hedi ikipasuka, maji huingia katika oili. Mara nyingi haya hutokea injini ikipata moto kupita kiasi. Maji ya mvua pia huweza kuingia, mfuniko wa oili ukiachwa wazi.

UTAJUAJE?

Tazama kila asubuhi kabla ya kuwasha injini:

1. Oili ina rangi ya chai ya maziwa.
2. Oili imepanda juu ya kipimo cha jana.
3. Maji ya rejeta yanapungua, wala hakuna mahali yanapovuja nje.
4. Moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto.

Ukiona povu jeupe kidogo chini ya mfuniko tu, na oili ya kijiti ni safi, huenda ni unyevu wa baridi. Hata hivyo, endelea kuangalia.

UFANYE NINI?

1. Usiwashe injini. Kama inawaka, izime.
2. Usiongeze oili mpya juu ya ile iliyoharibika.
3. Mwite fundi atafute njia ya maji na kuiziba. Kubadili oili peke yake ni kuteka maji kwa pakacha.
4. Baada ya matengenezo, toeni oili yote. Tieni oili nyingine, endesheni injini bila mzigo kwa dakika chache, kisha itoeni. Rudieni mpaka rangi ya maziwa iishe. Mwisho, wekeni filta mpya na oili mpya.
5. Oili chafu itieni katika dumu. Msiimwage karibu na kisima au mto.

JIHADHARI

Usifungue rejeta ikiwa ya moto, kwani mvuke utakuunguza. Wala usitie maji baridi katika injini iliyopata moto kupita kiasi. Hedi huweza kupasuka. Ngoja ipoe.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Weka daftari karibu na mashine. Kila siku andika tarehe, kipimo cha oili, na maji uliyoongeza. Kama mwendeshaji yule angekuwa na daftari, angeona maji yanapungua huku oili inapanda. Angezima injini siku ya kwanza, na huenda akina mama wangelipa gasketi tu.

MASWALI

1. Kwa nini mwendeshaji alifurahi? Je, alikuwa na haki ya kufurahi?
2. Taja dalili tatu za maji katika oili.
3. Chora daftari la mashine ya kijiji chenu. Nani ataliandika kila siku?